Redio Inapobadili Jina: Kipi Huhama na Kipi Hubaki

Kituo cha redio ya muziki kinapotangaza kwamba kuanzia Jumatatu kitaitwa jina jingine, maswali huanza siku hiyo hiyo, hapa Dodoma, kwenye vijiwe vya bajaji vya Sabasaba, kwenye saluni za Area C na ndani ya mabasi yanayopeleka wafanyakazi Mtumba. Wapo wanaosema redio imeuzwa, wapo wanaosema imefilisika, na hakosi anayedai kwamba Serikali imeipokonya masafa na kumpa mtu mwingine. Huyu anashangaa kwamba mtangazaji wa asubuhi ni yule yule ila nyimbo zimekuwa ngeni. Yule anasema nyimbo ni zile zile ila hakuna sauti hata moja anayoifahamu. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja anaweza kuwa sahihi kwa kituo kimoja na kukosea kwa kingine.

Mkanganyiko huu unaeleweka, kwa sababu tunaposema “redio” tunakuwa tumetaja mambo matano kwa mpigo. La kwanza ni kampuni, yaani mmiliki aliyesajiliwa kisheria, anayeajiri, anayekopa na anayelipa kodi. La pili ni leseni, ambayo ni ruhusa ya mamlaka ya kurusha matangazo katika eneo fulani kwa muda fulani na kwa masharti yaliyoandikwa. La tatu ni masafa, ile namba unayoitafuta redioni ili uipate sauti. La nne ni chapa, yaani jina la hewani pamoja na nembo, rangi na vionjo vinavyopigwa kati ya wimbo na wimbo. La tano ni muundo wa vipindi: aina ya muziki unaopigwa, watangazaji, saa za taarifa ya habari na rika la wasikilizaji wanaolengwa.

Tuchukue kizimba katika Soko la Majengo. Kizimba na namba yake si mali ya mfanyabiashara. Ni cha umma, naye hupewa kibali cha kukitumia kwa kufuata masharti. Namba ya kizimba ndiyo masafa, kibali ndicho leseni, mfanyabiashara ndiye kampuni, kibao kilichoning’inizwa juu ndicho chapa, na bidhaa zilizopangwa mezani ndizo muundo wa vipindi. Mwenye kizimba anaweza kubadili kibao na kuendelea kuuza mchele ule ule. Anaweza kuacha kibao kama kilivyo na kuanza kuuza vitenge. Anaweza hata kumuuzia mwenzake biashara yote huku kibao kikibaki pale pale. Mteja anayekiona kibao kipya hawezi kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea mpaka aulize. Msikilizaji wa redio yuko katika hali hiyo hiyo, isipokuwa yeye hana hata muuzaji wa kumwuliza ana kwa ana.

Namba inayobaki kwenye kitufe

Tuanze na masafa, kwa kuwa ndiyo yanayodhaniwa zaidi kuwa mali ya redio. Redio za FM zinarusha kati ya megahezi 87.5 na 108, na nafasi hiyo haiongezeki hata waombaji wakiwa wengi kiasi gani. Vituo viwili vikirusha kwa namba moja katika mji mmoja, hakuna kitakachosikika vizuri, na hiyo ndiyo sababu mamlaka ya nchi hugawa namba na kuamua nani aitumie na wapi. Anayepewa namba hapewi hati ya kuimiliki. Akivunja masharti au muda wake ukiisha bila kuhuisha leseni, namba hurudi kwa mgawaji.

Mawimbi ya FM, zaidi ya hayo, husafiri kwa mstari unaokaribia kunyooka na hayapindi kuufuata mviringo wa dunia wala hayapenyi mlima kwa urahisi. Kituo kilichopo Dar es Salaam hakiwezi kusikika Dodoma, umbali wa takribani kilomita 450 kwa barabara, kwa nguvu ya mnara wake wa Dar es Salaam. Lazima kiwe na mtambo mwingine wa kurushia huku, na mtambo huo kwa kawaida hupewa namba tofauti. Kwa hiyo jina moja linaweza kuwa na namba nyingi nchini, na hapo tunaona sababu mojawapo ya baadhi ya vituo duniani kubadili majina. Kituo kilichozaliwa katika mji mmoja na kujiita kwa namba yake hujikuta na jina lisilo na maana pindi kinapofungua mitambo katika miji mingine.

Angalia redio iliyofungwa kwenye bajaji au daladala. Ina vitufe vichache vya kuhifadhi vituo, na kinachohifadhiwa humo ni namba peke yake. Asubuhi ya mabadiliko dereva anabonyeza kitufe kile kile cha jana na kulisikia jina jipya, wala hajagusa kitu kingine. Redio za magari ya kisasa zina kioo kidogo kinachoonyesha jina la kituo kwa herufi zisizozidi nane, na jina hilo hutumwa na kituo chenyewe pamoja na mawimbi yake. Mhandisi akibadili maneno hayo kwenye mtambo, kioo cha kila gari mjini hubadilika, ingawa namba, mnara na nguvu ya mtambo vimebaki vilevile. Ukiyatazama mambo kwa upande wa mitambo, kubadili jina ni kazi nyepesi kuliko zote. Ugumu uko kwenye karatasi na kwenye masikio ya watu.

Nani hutoa ruhusa

Redio za biashara si za zamani sana kwetu. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 matangazo ya redio Tanzania Bara yalikuwa kazi ya Serikali. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa watu na kampuni binafsi, na Radio One ikaanza kusikika mwaka 1994. Miaka michache baadaye ikaja Clouds FM, ambayo jina lake linatufaa katika mada hii, kwa sababu lilikuwa jina la disko kabla ya kuwa jina la redio. Chapa iliitangulia leseni: vijana walikwisha kulijua jina ukumbini kabla hayajapatikana masafa ya kulirusha.

Mwaka 2003 majukumu ya kusimamia utangazaji na yale ya mawasiliano yaliunganishwa chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta inayotumika kutoa leseni hizi. Leseni ya maudhui, yaani ya vipindi vinavyorushwa, huonyesha pia ukubwa wa eneo, kama ni la taifa, mkoa, wilaya au jamii, na huonyesha kama kituo ni cha biashara au si cha biashara. Redio ya biashara ni ile inayojiendesha kwa kuuza muda wa matangazo. Muziki ndio unaowakusanya wasikilizaji, na mkusanyiko huo ndio unaouzwa kwa benki, kampuni za simu na wenye maduka ya saruji.

TCRA haimchagulii mtu jina. Mmiliki ndiye anayelibuni na kulipeleka. Upande wa usajili wa kampuni, majina ya biashara na alama za biashara uko kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, na huko ndiko linakotazamwa kama jina limekwisha kuchukuliwa. Alama ya biashara iliyosajiliwa Tanzania Bara hulindwa kwa miaka saba ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi. Leseni nayo haihamishwi mkono kwa mkono kama simu. Mwenye leseni akitaka kumpa mwingine, lazima mamlaka iridhie. Kwa hiyo ile hadithi ya kijiweni kwamba mtu ameamka na kununua masafa ya jirani yake usiku haina msingi.

Vilevile tutenganishe kubadili jina na kufungiwa. Kufungiwa ni adhabu inayofuata malalamiko au ukiukaji wa kanuni za maudhui. Kamati ya Maudhui ya TCRA husikiliza shauri na kutoa uamuzi, na kituo hutajwa hadharani pamoja na kosa lake. Kubadili jina ni uamuzi wa biashara. Kinaweza kutokea kituo kikafungiwa, kikarudi, kisha kikaamua kujipa jina jipya ili kuanza upya, lakini hayo ni matukio mawili yenye taratibu mbili.

Kituo kilichouzwa bila jina lake

Mfano mzuri kuliko yote ninaoufahamu wa jinsi mambo haya matano yanavyoweza kwenda njia tofauti unatoka Uingereza, na unastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa karibu kila dhana potofu inayosikika Dodoma inajibiwa humo.

Tarehe 30 Aprili 1993 kilianza kurusha kituo cha biashara cha muziki wa roki na pop kilichoitwa Virgin 1215. Jina lilitokana na kundi la kampuni la mfanyabiashara Richard Branson, lile lile lililokuwa na maduka ya muziki na shirika la ndege, na namba ilikuwa ni masafa yake, kilohezi 1215 katika mawimbi ya kati. Mawimbi ya kati husafiri mbali, na kituo kiliweza kusikika katika sehemu kubwa ya nchi, lakini sauti yake huwa hafifu na yenye kukwaruza, kasoro ambayo taarifa ya habari huivumilia kuliko muziki unavyoivumilia. Mwaka 1995 kituo kikapata pia masafa ya FM jijini London, megahezi 105.8. Tayari namba mbili, jina moja. Na namba ikaondolewa kwenye jina, kikabaki kuitwa Virgin Radio.

Mwaka 1997 kituo kilinunuliwa na kampuni ya Chris Evans, ambaye wakati huo alikuwa ndiye mtangazaji wake wa asubuhi. Mwaka 2000 kampuni hiyo, iliyokuwa pia na shughuli za vipindi vya televisheni, ikauzwa kwa Scottish Media Group kwa pauni milioni 225. Wamiliki wamebadilika mara mbili, na katika mara zote hizo msikilizaji hakuona jina likibadilika hata herufi moja. Anayeamini kwamba mmiliki mpya lazima aje na jina jipya na atazame hapa.

Mwaka 2008 kituo kikauzwa tena, safari hii kwa kampuni iitwayo TIML Golden Square, tawi la kundi linalochapisha gazeti la Times of India, kwa pauni milioni 53.2. Bei hii haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ile ya mwaka 2000, kwa kuwa kilichouzwa mwanzo kilikuwa kundi zima, lakini kuna jambo moja kubwa ambalo mnunuzi wa 2008 hakulipata: jina. Jina la Virgin lilikuwa mali ya kundi la Branson, na kituo kilikuwa kikilitumia kwa mkataba. Mnunuzi alipata kampuni, studio, wafanyakazi, leseni na haki ya kutumia masafa, na akalazimika kutafuta jina lake mwenyewe. Tarehe 29 Septemba 2008 Virgin Radio ikawa Absolute Radio.

Tujiulize msikilizaji wa London alisikia nini asubuhi ile. Masafa yalikuwa 105.8 na 1215 kama kawaida. Studio zilikuwa pale pale mtaa wa Golden Square, uwanja ulioipa kampuni mpya jina ambalo halikuwahi kutumiwa kama jina la hewani. Mtangazaji wa asubuhi, Christian O’Connell, alikuwa kazini tangu 2006 na akaendelea hadi 2018. Kilichobadilika siku hiyo kilikuwa chapa, na msikilizaji aliyesema “redio yangu imeondolewa” alikuwa amekosea, ingawa uchungu wake ulikuwa wa kweli. Jina ambalo mtu ameamka nalo kwa miaka kumi na mitano si kitu cha kudharauliwa.

Baada ya hapo hadithi inageuka, na sasa ni masafa yanayohama. Mwaka 2013 kampuni ya Bauer, yenye asili ya Ujerumani, ilikubali kuinunua Absolute Radio, na safari hii jina lilikuwemo katika mauzo. Mwezi Mei 2021 Bauer iliyachukua masafa 105.8 ya London na kuyapa kituo chake kingine, Greatest Hits Radio. Mwenye gari London aliyekuwa na kitufe cha 105.8 alibonyeza kama kila siku na akakuta jina jingine, nyimbo nyingine na watangazaji wengine, huku Absolute Radio ikiendelea kuwepo, hai na salama, kwenye redio za kidijitali na intaneti. Januari 2023 hata mitambo ya 1215 ikazimwa. Leo kituo hicho hakina hata namba moja kati ya zile mbili kilizokuwa nazo, wala jina lake la kwanza, wala mmiliki wake wa kwanza, na bado ndicho kituo kile kile kwa maana ya kampuni inayorithi na vipindi vilivyoendelea bila kukatika.

Jina la Virgin nalo halikufa. Tarehe 30 Machi 2016 kilizinduliwa kituo kipya cha kidijitali kilichoitwa Virgin Radio, chini ya kampuni nyingine kabisa iliyopata ruhusa ya kulitumia jina hilo. Mwaka 2019 Chris Evans akaenda kutangaza hapo kipindi cha asubuhi. Jina ni lile la 1993, mtangazaji ni yule aliyewahi kukimiliki kituo cha jina hilo, lakini kampuni na leseni havina ukoo na vile vya zamani. Msikilizaji angeapa kwamba redio yake ya ujana imerudi, na wakili angemwambia kwamba haijarudi.

Kuna jambo dogo katika Absolute Radio linaloonyesha vizuri tofauti ya chapa na muundo wa vipindi. Kituo kilizaa vituo ndugu vya kidijitali, kimoja cha nyimbo za miaka ya 1980, kingine cha miaka ya 1990, na vingine vya miongo mingine. Kwa muda mrefu kipindi cha asubuhi kilisikika katika vituo hivyo kwa wakati mmoja: mtangazaji akizungumza, wote wanamsikia, akiishia, kila kituo kinapiga wimbo wa muongo wake. Sauti moja, jina moja la ukoo, lakini muziki tofauti.

Vipo pia vituo vilivyobadili jina na bidhaa kwa pamoja. Huko huko Uingereza, kituo cha taifa cha mazungumzo kilichoanza mwaka 1995 kwa jina la Talk Radio UK kiligeuzwa Januari 2000 kuwa talkSPORT, kikahama kutoka mijadala ya kila namna hadi michezo, hasa soka. Aliyekuwa akikifuata kwa ajili ya mijadala ya siasa alikuwa na haki ya kusema kwamba redio yake imeondoka, ijapokuwa masafa hayakutikisika.

Herufi tatu, vyombo vitatu

Hata kwetu tumeyaona haya, ijapokuwa kwa chombo cha umma. Matangazo yaliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam yaligeuka kuwa Sauti ya Tanganyika, kisha mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Mwaka 1965 Serikali ikalichukua na kukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ambayo wazee wetu bado wanaitaja kwa heshima. Baadaye redio na televisheni ya taifa vikaunganishwa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na kuanzia 2007 hadi 2008 ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, lenye TBC Taifa na TBC FM.

Vijana wengi huchanganyikiwa wanaposoma nyaraka za zamani na kukuta herufi TBC mahali pasipotarajiwa. Zilikuwa kifupisho cha jina la Kiingereza la lile shirika la Tanganyika la mwaka 1956. Zikatumiwa pia kwa Tume ya Utangazaji iliyoundwa baada ya sheria ya 1993, ambayo haikuwa redio bali msimamizi wa redio. Na sasa ni za shirika la taifa la leo. Herufi ni tatu na vyombo ni vitatu. Kinachowaunganisha RTD na TBC Taifa si herufi hizo. Ni urithi wa mitambo, wafanyakazi na maktaba ya kanda za muziki wa dansi, taarabu na ngoma zilizorekodiwa kwa miongo mingi.

Kwa nini mmiliki hujitia katika gharama hii

Katika mji kama Dodoma sababu ya kwanza ni watu. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilitangaza mwaka 2016 kuhamia huku, na mwaka 2018 manispaa ikapandishwa kuwa jiji, huku Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kikiendelea kuleta vijana kutoka kila mkoa. Kituo kilichojengwa kwa ajili ya mji mdogo wa zamani kinajikuta kikizungumza na mtumishi aliyetoka Dar es Salaam, mwanafunzi aliyetoka Kigoma na mkulima wa zabibu wa Mpunguzi kwa wakati mmoja. Mwenye fedha ya matangazo anamtaka zaidi huyo wa kwanza na wa pili, na jina la kituo huwa jambo la kwanza kutazamwa.

Sababu nyingine ni kuungana. Kampuni ikinunua vituo kadhaa katika mikoa tofauti, ni nafuu kuviita jina moja, kuvitengenezea vionjo vya aina moja na kuuza tangazo moja kwa vituo vyote. Hapa nakiri wazi kwamba nina wasiwasi, na wasiwasi wangu hauhusu jina. Kituo cha mkoa kikiingizwa katika mtandao, kipindi kinachokatwa mapema mara nyingi ni kile cha muziki wa nyumbani. Dodoma ina zeze la Wagogo, ina muheme, ngoma inayopigwa na akina mama, na muziki huo hauwezi kutegemea orodha ya nyimbo iliyopangwa katika mji mwingine. Kibao kipya hakilazimishi kuuacha. Ni uamuzi wa muundo wa vipindi unaopitishwa siku moja na uamuzi wa jina, na kwa kuwa watu wote wanabishana kuhusu jina, huo mwingine hupita bila kuulizwa.

Ndani ya studio, siku zenyewe za mabadiliko ni za kazi ndogondogo zisizokwisha. Vionjo vyote vilivyotaja jina la zamani huondolewa kwenye kompyuta, kwa sababu kimoja kikisahaulika kitajipiga chenyewe saa tisa usiku. Vifuniko vya maiki vyenye nembo hubadilishwa, stika za magari hubanduliwa, risiti na mikataba ya wateja wanaotangaza biashara zao huandikwa upya, na kurasa za mitandao ya kijamii hubadilishwa majina. Jina jipya huandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa mbele ya mtangazaji, kwa kuwa ulimi uliozoea jina moja kwa miaka mingi hulirudia bila kuombwa, hasa pale mpiga simu anapoanza kwa kulitaja la zamani.

Madeni, ajira na kanda

Dhana iliyobaki, na yenye madhara kuliko zote, ni ile inayosema kwamba jina jipya hufuta yaliyopita. Mdaiwa ni kampuni, na jina la hewani haliwezi kuibadili hali hiyo. Kodi ya pango, mishahara iliyochelewa na malipo ya hakimiliki kwa matumizi ya muziki, vyote vinaifuata kampuni ile ile hata kama kituo kimebadili jina mara tatu. Mfanyakazi ambaye mwajiri wake ni kampuni hiyo haanzi ajira upya kwa sababu nembo ya ukutani imepakwa rangi nyingine.

Mambo hubadilika pale kunapokuwa na mauzo, na hapo inabidi kuuliza ni mauzo ya aina gani. Mnunuzi akinunua hisa za kampuni, kampuni inabaki ile ile na mizigo yake yote, ni wenye hisa tu waliobadilika. Akinunua mali peke yake, yaani mitambo, samani na haki ya kutumia jina, na akaomba leseni kwa kampuni yake nyingine, madeni kwa kawaida hubaki kwa kampuni iliyouza, na ajira hulazimika kuzungumzwa mkataba kwa mkataba. Mtangazaji anayesikia fununu za jina jipya atafanya vyema kutazama jina la kampuni lililoandikwa juu ya mkataba wake na juu ya hati yake ya mshahara kabla hajatazama nembo.

Kisha kuna kanda, au kwa lugha ya leo, mafaili. Mahojiano na wazee wa Chamwino, sauti za wanamuziki waliokwisha kufariki, maigizo, vipindi vya watoto, vyote hivi ni mali kama zilivyo meza na maiki, na haki zake hazipotei kwa sababu ya jina. Hupotea kwa sababu ya uzembe: kompyuta ya zamani inauzwa ikiwa na kila kitu ndani, ukurasa wa zamani unafutwa ili usiwachanganye watu, na katika mkataba wa mauzo hakuna mstari hata mmoja unaotaja rekodi. RTD imebadili jina na maktaba yake ikabaki, kwa kuwa chombo kilichoirithi kilirithi na rafu. Redio ndogo ya biashara haina uhakika huo. Rekodi zisipotajwa katika mkataba wa mauzo ya mali, hubaki kwa kampuni iliyouza, na kampuni hiyo ikifutwa kwenye daftari la usajili, mtafiti au ndugu wa mwanamuziki anayezitafuta hujikuta akipiga hodi kwa mmiliki mpya ambaye kwa haki kabisa atamjibu kwamba yeye hakuzinunua.